Mashine Inayojua Ngeli Moja: Uhakiki wa Sauti ya Kiswahili ya eSpeak NG

Utangulizi

Mwenzetu mmoja darasani, mzaliwa wa Bwera kama mimi, haoni. Husoma kwa masikio. Kompyuta humsomea maandishi kwa sauti, naye huyarudia moyoni mpaka yakae. Muhula uliopita alirudishiwa insha yake, akaniomba nimsomee masahihisho. Mhadhiri alikuwa amezungushia duara mahali patatu: "ndugu tatu", "wageni nane" na "vijiji mbili". Nilipomaliza alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Lakini mbona kompyuta husema hivyo hivyo?"

Nilimjibu kwa haraka kwamba kompyuta haiwezi kukosea jambo dogo kama hilo, pengine yeye ndiye aliyesikia vibaya. Jioni tuliketi pamoja na mashine yake, tukaifanya isome karatasi ya mazoezi. Ilisoma "watoto 3" ikasema "watoto tatu". Ikasoma "viti 5" ikasema "viti tano". Aliyesikia vibaya nilikuwa mimi, kwa muda wa miaka miwili niliyokuwa nikikaa kando yake huku mashine hiyo ikisema.

Makala hii inahakiki sauti ya Kiswahili ya sinthesaiza huria iitwayo eSpeak NG, yaani programu inayogeuza maandishi kuwa usemi. Nimeichunguza mahali pawili inapotumika: kwenye kompyuta za mezani mjini Kasese, na kwenye seva ya kukodi katika wingu. Hoja yangu ni kwamba lawama nyingi tunazoitupia mashine hii ni za njia ya sauti, na hutengenezeka kwa dakika chache. Kosa lake kubwa ni la upatanisho wa kisarufi. Kosa hilo wengi wetu hatulisikii kwa sababu nasi tunalo mdomoni, na dawa yake iko kwa wanafunzi wa Kiswahili kuliko kwa mafundi wa kompyuta.

Kazi inayohakikiwa

Huenda msomaji akauliza kama programu ya kompyuta inaweza kuhakikiwa. Naamini inaweza. Kama kitabu, ina mwandishi, ina historia, ina wasomaji, na ndani yake mna maamuzi ambayo mtu fulani aliyafanya kuhusu lugha. Tena kazi hii imeachwa wazi ili kila mtu aisome.

Mwanzilishi wake ni Jonathan Duddington, aliyeanza kuiandika mwaka 1995 kwa ajili ya kompyuta za Acorn. Mwishoni mwa mwaka 2015 Reece Dunn alianzisha tawi jipya lililoitwa eSpeak NG, na ndilo linaloendelezwa mpaka leo. Inasema lugha zaidi ya 100. Leseni yake ni GPL toleo la 3, maana yake kila mtu ana haki ya kuitumia, kuifungua, kuibadilisha na kuwagawia wengine alichobadilisha, mradi naye aache kazi yake wazi.

Sauti yake ni kavu, na kuna sababu. Irabu zake hazikurekodiwa kutoka kinywani mwa mtu. Hukokotolewa kwa hesabu, kwa kuiga masafa ambayo koo na kinywa cha binadamu huyatia nguvu tunapotamka. Ndiyo maana ni programu ndogo sana, inayotoshea hata kwenye kompyuta kuukuu, na inayoweza kusema upesi mno bila maneno kuvurugika. Kwa msomaji asiyeona, wepesi huo ni neema. Mwenzetu huisikiliza kwa kasi ambayo mimi sishiki hata neno moja.

Wengi wanaoitumia hawajui hata jina lake, kwa sababu huwafikia ikiwa ndani ya programu nyingine. Kisoma skrini cha NVDA, kilichoanzishwa na Michael Curran nchini Australia mwaka 2006 na kugawiwa bure, huja nayo. Kwenye Linux, kisoma skrini cha Orca nacho huitumia. Kwa mwanafunzi asiyeona wa Kasese asiye na fedha za kununua programu za bei, eSpeak NG mara nyingi ndiyo sauti ya Kiswahili anayoshinda nayo.

Elimu yake ya Kiswahili imehifadhiwa hasa katika mafaili mawili ya maandishi ya kawaida. La kwanza, sw_rules, lina kanuni za kugeuza herufi kuwa sauti. La pili, sw_list, lina maneno ya pekee pamoja na majina ya nambari. Kanuni ya mkazo imewekwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama tulivyofundishwa. Kwa lugha inayoandikwa karibu sawa na inavyotamkwa, hayo yanatosha kuisomesha sentensi nyingi kwa usahihi. Sifa hiyo lazima itolewe kabla ya lawama.

Makosa ya njia

Tulipoamua kumtengenezea mwenzetu maktaba ya sauti kutokana na mihutasari ya masomo, tulikutana kwanza na makosa ambayo hayana uhusiano wowote na Kiswahili. Nayaeleza kwa ufupi, kwa kuwa watu wengi huishia hapo wakaiacha mashine.

La kwanza ni la kompyuta ya mezani. Programu ikiwekwa upya, kwa kawaida huanza na sauti ya Kiingereza. Mtu akiipa maandishi ya Kiswahili bila kubadilisha lugha, huyasoma kwa kanuni za Kiingereza, na hapo hata neno "wanafunzi" hutoka limepinda. Nimewasikia watu mjini Kasese wakisema kwamba kompyuta haiwezi Kiswahili, kumbe haikuambiwa isome Kiswahili. Kwenye NVDA lugha huchaguliwa katika mipangilio ya sauti. Anayeandika amri huongeza -v sw. Kasi ya kawaida ni maneno 175 kwa dakika, na kwa asiyeizoea hiyo ni mbio. Amri ya -s 130 huipunguza ikasikika vizuri.

La pili ni la seva. Umeme ulikuwa ukikatika, na kompyuta tuliyokuwa tukiitumia ilizimika katikati ya kazi, kwa hiyo tukakodi seva ndogo katika wingu. Tulipotoa amri ya kwanza, ilijibu kwa mistari mingi ya malalamiko kwamba haioni kadi ya sauti. Tulipoteza siku nzima tukijaribu kuipa kadi. Siku ya pili tulitambua upumbavu wetu. Seva imewekwa kwenye chumba cha mashine katika nchi nyingine, haina spika wala msikilizaji, na hata ingesema, nani angeisikia? Haihitaji kusema. Inahitaji kuandika sauti ndani ya faili, na amri ya kufanya hivyo ni -w ikifuatwa na jina la faili. Tangu hapo haikulalamika tena.

La tatu ni la ukubwa. Faili la WAV linalotoka lina sampuli 22,050 kwa sekunde, na kila sampuli ina baiti mbili. Hiyo ni takriban megabaiti 2.6 kwa dakika. Muhtasari wa nusu saa hufikia karibu megabaiti 79, na kuupakua kwa kifurushi cha simu ukiwa Bwera ni gharama ambayo mwanafunzi huihisi. Tuliyabana mafaili mpaka kilobiti 32 kwa sekunde, na muhtasari uleule ukashuka kwenye megabaiti 7 na kidogo. Kwa sauti kavu kama hii, sikio halipotezi kitu kikubwa.

La nne ni la maandishi yenyewe. Mihutasari yetu ilichapwa na watu mbalimbali, na alama ya ng' iliandikwa kwa namna mbili, iliyosimama na iliyopinda. Tulizisawazisha zote kabla ya kusomesha, ili uzembe wetu wa chapa usije ukahesabiwa kuwa kosa la mashine.

Baada ya hapo njia ilikuwa safi. Sauti ilitoka ileile, mezani na katika wingu, na kwa kuwa ilikuwa ileile, kilichobaki kuwa kibaya kilikuwa cha lugha.

Kosa la ngeli

Tulichukua nambari 1 hadi 10, tukaziambatanisha na nomino za ngeli mbalimbali, tukasikiliza. Matokeo yana mpangilio ulio wazi, na mwanafunzi yeyote wa sarufi ataukisia kabla hajamaliza kusoma aya hii.

Ukiandika "watu 6", "vitabu 7", "magari 9" au "miti 10", mashine husoma sawasawa. Ukiandika "watu 5", husema "watu tano". "Vitabu 2" huwa "vitabu mbili". "Magari 4" huwa "magari nne", na "miti 8" huwa "miti nane". Lakini ukiandika "nyumba 5", "siku 2" au "kuta 3", husoma bila dosari.

Sababu ni kwamba katika Kiswahili nambari za kuhesabia si za aina moja. Sita, saba na tisa zilitoka Kiarabu, nazo hazichukui kiambishi cha ngeli, na kumi nayo haichukui. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane huchukua: mtu mmoja, vitabu viwili, miti mitatu, magari manne, watu watano, mahali panane. Katika wingi wa ngeli za I-ZI na U-ZI, nambari hizo hubaki na umbo tunalolitumia tukihesabu bila nomino, ndiyo maana siku ni mbili na kuta ni tatu. Mashine imepewa orodha moja tu ya nambari, ile ya kuhesabia. Kila kitu duniani kwake ni nyumba au siku. Tunaweza kusema inajua ngeli moja.

Kosa hili huendelea mbele ya kumi. "Wanafunzi 23" husomwa "wanafunzi ishirini na tatu" badala ya "ishirini na watatu". Pia huingia kwenye nambari za mpangilio. "Sura ya 2" husomwa "sura ya mbili", na "darasa la 1" husomwa "darasa la moja", ingawa kila mtoto wa shule husema "la kwanza". Kwenye saa pia kuna mtego. Mwandishi wa ratiba akiandika 8:00 kwa kufuata saa ya Kiingereza, binadamu anayesoma kwa sauti hugeuza akasema saa mbili asubuhi. Mashine haiwezi kujua. Husoma nane, na anayesikiliza anaweza kuja mtihani ukiwa umeshakwisha.

Lazima nitende haki hapa. Ukiiandikia mashine "watoto watatu" kwa maneno, husoma "watoto watatu" bila wasiwasi. Kosa linazaliwa mahali ambapo mwandishi alitumia tarakimu na kumwachia msomaji kazi ya kuipatanisha na nomino. Sisi tunaoona huifanya kazi hiyo bila kujua kwamba tunaifanya. Jicho linaona 3, ulimi unasema "watatu". Kazi ndogo kiasi hicho ndiyo sarufi yenyewe, na ndiyo ambayo mashine haikufundishwa.

Kuna pia makosa ambayo hakuna orodha itakayoyaponya. Neno "barabara" lenye maana ya njia na "barabara" lenye maana ya sawasawa hutofautiana kwa mkazo, na maandishi hayaonyeshi tofauti hiyo. Kanuni ya silabi ya pili kutoka mwisho huyatamka yote kwa namna moja. Silihesabu hilo kuwa doa la mashine, kwa kuwa hata binadamu hulazimika kusoma sentensi nzima ili ajue. Kosa la ngeli ni tofauti. Linajulikana, lina kanuni, na linaweza kuponywa.

Soko la Mpondwe

Swali lililonisumbua ni kwa nini sikulisikia kosa hili miaka yote miwili. Likizo nilipokwenda nyumbani nilichukua mafaili machache kwenye simu. Kutoka Kasese unafuata barabara ya Mbarara mpaka Kikorongo, unakata kulia, na mwisho wa njia ni Bwera na mpaka wa Mpondwe. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, Kongo. Shangazi yangu anauza mafuta ya mawese sokoni. Nilimsikilizisha faili ambamo mashine ilisema "watu tano walinunua magunia nane".

"Umesikia kosa, shangazi?" nikamuuliza.

"Kosa la nini, mwanangu? Anasema kama mzungu mwenye mafua, lakini maneno ni sawa."

Mteja wake kutoka ng'ambo naye alisikiliza, akakubaliana naye. Maneno yalikuwa sawa. Na kwa kweli, katika soko lile, yalikuwa sawa. Kiswahili chetu cha mpakani kimekuja na biashara, na magari, na kambi za askari, na migodi ya Kilembe iliyoleta wafanyakazi wa makabila mengi, na reli iliyofika Kasese mwaka 1956. Kiswahili cha namna hiyo hupunguza viambishi ili kila mtu aelewe. "Watu tano" ni mojawapo ya mapunguzo hayo. Masikio yangu yalilelewa humo, na mashine iliponisemesha kwa lahaja ya soko sikushtuka.

Hapa kuna pingamizi zito ambalo mhakiki hana budi kulijibu. Kama watu wa Bwera husema "watu tano" na kuelewana, kwa nini tuiite kosa? Je, si dharau kwa Kiswahili chetu? Naliheshimu swali hili. Sitamsahihisha shangazi yangu sokoni, na wala hahitaji. Hata hivyo nina majibu mawili.

La kwanza, mashine haisemi lahaja yetu. Mtu wa soko huondoa kiambishi mahali pote. Mashine hukiondoa palipo na tarakimu na kukitamka palipo na neno, ndani ya aya ileile, mara "watoto tatu" na mara "watoto watatu", bila sababu ambayo msikilizaji anaweza kuijua. Hiyo si lahaja ya mtu yeyote. Anayejifunza kwayo hapati sarufi ya soko wala sarufi sanifu. Anapata kubahatisha.

La pili, lugha yetu ya nyumbani ina upatanisho huu. Katika Lhukonzo tunasema "abandu babiri", na kiambishi cha watu kinaonekana kwenye nambari kama kinavyoonekana katika "watu wawili". Mkonzo anayesema "watu mbili" hakukirithi kitu hicho kwa mama yake. Kwa hiyo Kiswahili sanifu, kwa jambo hili, kiko karibu na nyumbani kwetu kuliko Kiswahili cha soko. Mwalimu anayelijua hilo anaweza kulifundisha kwa dakika tano, kwa kumwanzishia mtoto kwenye anachokijua.

Mambo haya yana uzito wa pekee nchini mwetu sasa. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu waliosomea Kiswahili ni wachache. Palipo na uhaba wa walimu, mashine hukaribishwa haraka, na inayokaribishwa kwanza ni ya bure. Kosa lililo katika orodha moja ya nambari linaweza kuwa kosa la darasa zima. Mwenzetu alipoteza alama kwa makosa matatu. Siwezi kusema kwamba yote ni ya mashine, maana naye alikulia soko lilelile. Ninachoweza kusema ni kwamba sote tuliweza kusahihishwa na kurasa tulizosoma kwa macho, naye ukurasa wake ulimthibitishia kosa kila siku.

Sauti tamu, kosa lilelile

Nilipowaeleza wenzangu haya, mmoja alinishauri tuachane na mashine hii kavu tutumie sauti mpya zinazofunzwa kwa rekodi za watu. Tulijaribu Piper, sinthesaiza huria iliyotengenezwa na Michael Hansen. Miongoni mwa sauti zake kuna ya Kiswahili iliyoorodheshwa kuwa ya Kongo. Tuliiweka kwenye seva ileile. Ilikuwa sauti ya binadamu hasa, yenye pumzi na lafudhi ambayo mtu wa Bwera huitambua mara moja kuwa ya jirani.

Tukaipa "watu 5". Ikasema, kwa utamu wote, "watu tano".

Ajabu hiyo ina maelezo mafupi. Piper haisomi herufi moja kwa moja. Kabla ya kusema, hulipeleka andiko kwa eSpeak NG ili ligeuzwe kuwa alama za fonimu, kisha hutia sauti alama hizo. Tarakimu hufasiriwa humo humo, kwa orodha ileile. Nguo ni mpya, mwili ni uleule.

Kwangu hili ndilo funzo kubwa la uchunguzi huu. Tumezoea kuzipima sauti za mashine kwa utamu, kama mtu anayemhukumu mwimbaji kwa koo lake bila kusikiliza anachoimba. Sauti kavu ya eSpeak NG angalau humtahadharisha msikilizaji kwamba anazungumza na chombo, akaiangalia kwa shaka. Sauti tamu huondoa shaka hiyo. Kosa lilelile likisemwa na sauti inayofanana na ya dada yako, utaliamini.

Tulichojaribu

Kwa kuwa mafaili mawili ya Kiswahili yanahusu maneno na herufi, wala hayana mahali pa ngeli, tuliamua kuweka programu ndogo mbele ya sinthesaiza. Kazi yake ni kutafuta tarakimu iliyofuata nomino, kuigeuza kuwa neno lenye kiambishi, kisha kulikabidhi andiko kwa mashine.

Mwanzoni tulidhani tutatumia umbo la neno: linaloanza na wa- lipewe wa-, linaloanza na vi- lipewe vi-, linaloanza na ma- lipewe ma-. Kanuni hiyo haikumaliza hata ukurasa mmoja. "Viongozi 3" ikawa "viongozi vitatu". "Vijana 5" ikawa "vijana vitano". "Madaktari 2" ikawa "madaktari mawili". Kisha wakaja wale wasio na kiambishi kabisa, ng'ombe, mbuzi, samaki, rafiki, nao tukawaacha kama nyumba: "ng'ombe nne". Tulikuwa tumesahau somo la kwanza la ngeli, kwamba viumbe hai hufuata upatanisho wa A-WA hata kama umbo lao linasema vingine. Fundi wa kompyuta aliyeko mbali angelijuaje hilo, ikiwa wanafunzi wa Kiswahili wenyewe tulijikwaa?

Tukaacha kanuni, tukatengeneza orodha: nomino, ngeli yake, basi. Ni kazi ya kuchosha isiyohitaji ujuzi wowote wa kompyuta. Inahitaji mtu anayejua kwamba "viongozi" ni watatu na "viatu" ni vitatu. Mwenzetu asiyeona ndiye aliyekuwa mkaguzi wetu, akisikiliza na kupiga meza kila aliposikia kosa. Nilipofika kwenye "wanafunzi wadogo 4" alipiga meza, na alikuwa na haki, maana kivumishi kilikuwa kimeingia kati ya nomino na nambari, na programu yetu ilikuwa ikitazama neno moja tu la nyuma. Hilo bado hatujalimaliza.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba eSpeak NG ni kazi ya kuheshimiwa: ni nyepesi, ni ya bure, iko wazi, na huwasomea Kiswahili watu ambao wasingesomewa na mtu. Makosa yanayoifanya ionekane mbovu mezani na katika seva ni ya njia, na aliyeelewa njia huyaondoa. Kosa la ngeli ni lake kweli, na limerithiwa na sauti mpya zinazoitegemea.

Kutokana na hayo nina maombi mawili. Kwa wanafunzi wenzangu: tunapoandika mihutasari tutakayogawana, tuandike idadi kwa maneno. "Watoto watatu" ni herufi chache zaidi ya "watoto 3", na kwa mwenzetu anayesoma kwa masikio ni tofauti kati ya kujifunza na kupotoshwa. Kwa wahadhiri wetu: zoezi la ngeli tunalopewa kila mwaka wa kwanza, la kupanga nomino kwenye majedwali ambayo husahihishwa na kutupwa, linaweza kuwa orodha ambayo mashine hii inaikosa. Nomino zilezile, jedwali lilelile, ila baada ya kusahihishwa lipelekwe kwa wanaoiendeleza programu, maana leseni yake inaturuhusu.

Orodha yetu ipo. Ina mapengo mengi, hasa katika majina ya wadudu na ya kazi za watu. Mwenzetu anaendelea kupiga meza.